Tumbo Lisilotulia, Kazi Isiyosubiri: Mwongozo Kamili kwa Mfanyakazi wa Uganda Mwenye Ugonjwa Sugu wa Utumbo

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tumbo lake halijatulia kwa miezi au miaka, na bado kila asubuhi anatakiwa kazini: karani wa ofisi ya mizigo Kampala, mwalimu Mbale, dereva wa lori la Malaba, mama mwenye kibanda katika soko la Owino, askari wa lango Ntinda. Mimi mwenyewe naishi na ugonjwa wa namna hii, na kazi yangu ni ya mizigo, mahali ambapo Kiswahili kinazungumzwa tangu asubuhi hadi jioni. Nimeona watu hodari wakiacha kazi ambazo hawakupaswa kuziacha.

Ninachoamini ni hiki: kazini, ugonjwa huu unatawaliwa na mambo mawili, saa ya tumbo lako na umbali wa choo. Ukiyashika hayo mawili, mengine utayamudu. Usipoyashika, hata dawa nzuri haitakusaidia ukiwa katikati ya taksi (basi dogo la abiria) iliyojaa, kwenye foleni ya Nakawa, saa moja na nusu asubuhi.

Hatua ya kwanza: jua unaumwa nini hasa

Uganda, tumbo likiuma lina majina matatu yanayolingoja: ulsa, amiba na taifodi. Mtu anatolewa damu kwenye kliniki ya mtaani, anaambiwa ni taifodi, anameza dawa, na baada ya miezi miwili anaambiwa ni taifodi tena. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kwenye kliniki hizo hakitegemeki peke yake, kwa sababu kinaweza kuonyesha kingamwili za ugonjwa uliopita zamani au za maambukizi mengine. Kama umetibiwa taifodi au amiba mara kwa mara na tumbo liko vilevile, acha kununua Flagyl (dawa ya amiba) dukani. Tafuta daktari wa kuchunguza chanzo.

Magonjwa yenyewe, kwa sehemu kubwa, yana koo mbili. Ukoo wa kwanza ni utumbo wenye hisia kali, ambao wagonjwa wengi huuita kwa kifupi IBS. Utumbo ukipimwa unaonekana mzima, lakini mwendo wake umevurugika: unahara, unafunga choo, au vyote kwa zamu, gesi inajaa, na maumivu mara nyingi hupungua ukishaenda haja. Wengi huanza hivyo baada ya kuugua sana tumbo la kuhara. Ukoo wa pili ni uvimbe wa utumbo: kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn. Hapa kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe, na ndipo unapoona damu, kamasi, homa na kukonda.

Lakini kwetu kuna mengine ya kuondoa kwanza. Anayevua, kufua au kuoga kwenye Ziwa Victoria, Ziwa Albert au mto Nile apimwe kichocho cha tumbo, kwani nacho huleta choo chenye damu, na kina dawa. Kifua kikuu cha utumbo kinafanana sana na Crohn, na mgonjwa akipewa prednisoloni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili, kabla ya kifua kikuu kuondolewa shaka, anaweza kuumia vibaya. Kipimo cha VVU nacho kifanywe bila aibu.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, homa haiishi, kuhara kunakuamsha usiku, umepungukiwa damu, au matatizo yameanza ukiwa na miaka zaidi ya arobaini na mitano, usisubiri. Anza kituo cha afya daraja la nne au hospitali ya wilaya, omba rufaa ya hospitali ya mkoa kama Mbale, Jinja, Gulu, Arua au Mbarara, au Mulago yenyewe, hospitali kuu ya taifa. Uliza kwa uwazi kama unahitaji kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Ni kipimo cha gharama, najua. Ila fedha za taifodi isiyokuwepo nazo, ukizijumlisha kwa mwaka, si ndogo.

Hatua ya pili: soma saa ya tumbo lako

Nunua daftari dogo, la wiki mbili linatosha. Andika saa uliyoamka, ulichokula na saa yake, kila safari ya chooni, usingizi, na siku ilikuwa ya namna gani kazini. Usiandike hadithi ndefu. Baada ya wiki mbili utaona mpangilio ambao kichwani ulikuwa huuoni.

Kwa watu wengi asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na kuna sababu. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma kilichomo ili kupisha kipya. Ishara hiyo ina nguvu zaidi asubuhi, na zaidi tena chakula kikiwa kingi na chenye mafuta. Sasa fikiria utaratibu wa wengi wetu: kuamka, kuoga haraka, kukimbilia steji, kununua rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mayai mawili njiani, kuila ndani ya taksi. Utumbo unapewa amri ya kusukuma pale pale ambapo choo hakipo.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuamka mapema, ule nyumbani, ukae nusu saa mpaka saa nzima, uende msalani kwa utulivu, ndipo utoke. Ya pili ni kutokula chochote mpaka ufike, kisha ule kazini palipo na choo karibu. Mimi napendelea ya kwanza kwa sababu mtu anafika kazini tumbo limeshamaliza kazi yake, ila mwenye kutoka Mukono au Entebbe alfajiri huenda ya pili ikamfaa zaidi. Jaribu moja kwa wiki nzima kabla ya kuhukumu.

Chakula chenyewe kinataka subira. Maharage, vitunguu, fenesi, embe bivu, ngano na maziwa huchachuka utumboni na kujaza gesi kwa wengi wenye IBS. Hiyo haina maana kwamba uviache vyote leo. Toa kimoja, kaa wiki moja au mbili, kirudishe, tazama. Anza na chai ya maziwa, kwa sababu watu wazima wengi wa Kiafrika hawamudu sukari ya maziwa. Badili iwe chai ya rangi uone. Katogo (ndizi zilizopikwa pamoja na mchuzi) ya matumbo yenye mafuta mengi iweke siku ya mapumziko. Chakula cha mchana cha ofisi kikiwa posho (ugali) na maharage kila siku, ongea na mpishi akutengee posho au matooke na mboga, mchuzi wa karanga kidogo, au samaki. Wapishi wa kwetu hawakatai ukiwaambia ni amri ya daktari.

Kuna tabia moja naomba uiache: kushinda njaa kutwa ili tumbo litulie kazini, halafu kula sahani ya milima saa tatu usiku. Usiku huo hulali, na asubuhi unaamka vibaya zaidi.

Hatua ya tatu: maliza suala la choo

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na ndipo pa kukaa zaidi.

Kwanza tembea. Siku moja uliyo mzima, zunguka jengo lako na majengo ya jirani. Jua kila choo kilipo, kinafungwa saa ngapi, kina maji au hakina, mlango unafunga kwa ndani au hapana. Katika maduka marefu ya Kikuubo na mitaa ya karibu na Taksi Paki, vyoo vingi ni vya kulipia na mlezi wake anakaa mlangoni na karatasi. Jitambulishe kwake. Mwambie, "Mzee, mimi ni jirani yako pale ghorofa ya pili, tumbo langu lina matatizo, siku nyingine nitapita mbio, nitakulipa nikitoka." Au mlipe kwa wiki. Mtu huyo mmoja akishakujua, nusu ya hofu yako imeisha. Msikiti, kanisa, kituo cha petroli na hoteli ndogo za karibu nazo ziwe kwenye ramani yako.

Ofisini kwenye choo chenye kufuli, omba ufunguo wako. Kuulizia ufunguo kwa katibu mbele ya wateja, tumbo likiwa limeshabana, ni mateso ambayo shilingi chache za kuchonga nakala zinayaondoa. Maji yakikatika mara kwa mara, weka jerikeni ya lita tano chooni na uhakikishe mtu anaijaza kila jioni. Usimwachie mfagizi peke yake kazi hiyo kama wewe ndiwe unayeihitaji zaidi. Vyoo vya shimo vina shida nyingine: siku ya maumivu, kuchuchumaa muda mrefu huchosha magoti na hukufanya utoke kabla hujamaliza. Kama kuna choo kimoja cha kukaa kwenye jengo, hicho ndicho uombe ruhusa ya kukitumia.

Kisha mfuko. Usiwe mkubwa wa kuulizwa maswali. Chupa ya nusu lita ya maji ya kutawadhia yenye kifuniko kinachobana, karatasi ya chooni iliyokunjwa, sabuni ndogo, nguo ya ndani na suruali au sketi nyepesi ya rangi nyeusi iliyokunjwa bapa, kaveera (mifuko ya plastiki) mbili nzito za kufungia nguo chafu, pakiti mbili za chumvi ya kuongezea maji mwilini, dawa zako za siku moja, na sarafu za choo. Sarafu ziwe kwenye mfuko wao peke yake. Noti ya elfu ishirini haina chenji saa hiyo.

Nguo nazo: chagua inayofunguka haraka. Mshipi mgumu wenye matundu saba si rafiki wa tumbo hili.

Hatua ya nne: safari

Kwenye taksi kaa mbele kando ya dereva au kiti cha mlangoni kwa konda, si kiti cha nyuma kabisa ambako watu watatu lazima washuke ili wewe upite. Toka kabla ya msongamano hata kama utafika ofisi bado imefungwa. Siku mbaya panda boda, kwa sababu boda inaweza kusimama popote kwa dakika tatu, na taksi haiwezi. Tenga fedha kidogo ya boda za dharura kila mwezi kama unavyotenga ya dawa. Na mkataba wako wa nyumba ukiisha, weka umbali wa kazi juu kuliko ukubwa wa sebule. Nasema hivi kwa moyo wote: kuhamia karibu kumewasaidia watu ninaowajua kuliko vidonge.

Madereva wa njia ya Malaba wanajua vituo vyao, ila mgonjwa avihesabu upya kwa macho ya tumbo: Mukono, Lugazi, Jinja, Iganga, Bugiri, Tororo. Msitu wa Mabira usiuingie na tumbo lenye shaka, malizia Lugazi. Ukiwa na turnboi (msaidizi wako wa lori), mwambie hali yako, kwa sababu gari likisimama ghafla yeye ndiye atakayebaki na mzigo.

Hatua ya tano: mwambie mtu mmoja, kwa lugha ya kazi

Hulazimiki kuwaambia wote. Lakini usipomwambia yeyote, watakuandikia sababu yao wenyewe: mvivu, mlevi, anakwepa kazi. Au mbaya zaidi. Miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuonekana Rakai, watu waliuita "slim" kwa sababu ulimkondesha mtu na kumharisha. Kumbukumbu hiyo bado iko, na mfanyakazi anayekonda na kwenda chooni kila saa huanza kunong'onwa. Ukiulizwa, jibu kwa ukweli wa ugonjwa wako bila kumdhalilisha anayeishi na VVU. Yeye naye huenda amekaa meza ya pili.

Chagua mwenye uwezo wa kubadili kitu: bosi, msimamizi, au mtu wa rasilimali watu. Mwendee siku nzuri, si siku uliyochelewa. Usieleze kinyesi, eleza kazi. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Hajati, naomba dakika tano, ni jambo la kazi."

"Sema mwanangu."

"Nina ugonjwa wa utumbo wa muda mrefu. Hauambukizi, na natibiwa. Siku nyingine nitainuka ghafla kwenda msalani, nitarudi baada ya dakika kumi. Naomba mambo mawili: meza ya karibu na mlango, na siku nikichelewa asubuhi, nifidie jioni."

"Na wateja wakija haupo?"

"Nimeshaongea na Hadija. Ataniangalizia dirisha, na mimi namshikia lake saa ya swala. Barua ya daktari hii hapa."

Tazama kilichofanyika: ombi ni dogo, lina mipaka, na swali la bosi limepata jibu kabla hajakasirika. Barua ya daktari isiwe na historia yako yote. Inatosha iseme una ugonjwa sugu wa utumbo usioambukiza, uko chini ya matibabu, na unahitaji kufika chooni bila kuzuiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee, kwa hiyo una haki ya kumwomba bosi asizitangaze.

Wenzako wa karibu, sentensi moja: "Tumbo langu lina ugonjwa wa kudumu, nikiinuka msishangae." Kisha endelea na kazi.

Kazi zisizo na meza

Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini afanye mapatano na mwalimu wa chumba cha jirani: mmoja akitoka, mwingine anasimama kati ya milango miwili. Andaa zoezi la ubaoni kabla ya kipindi, liwe tayari kila siku. Omba masomo magumu yasiwe saa ya kwanza. Wakuu wa shule wengi hupanga ratiba upya kila muhula, hivyo ombi lako lipeleke likizoni.

Mama wa sokoni ana jirani wa kibanda. Wanashikiana bidhaa siku zote, na hili si jipya kwao. Shida yake ni fedha ya choo, hivyo aihesabu kama gharama ya biashara.

Askari wa lango anaumia zaidi, kwa sababu zamu ni ya saa kumi na mbili mfululizo na kuacha lindo ni kosa. Kwake ombi moja tu lina maana: awekwe mahali penye askari wawili, au pa ndani palipo na choo. Aliombe kwa maandishi, na abaki na nakala. Zamu ya usiku huvuruga tumbo la wengi, mwingine humfaa. Daftari lako ndilo litakalojibu.

Siku likichafuka

Kuhara kukizidi, maji na chumvi ndivyo vya kwanza. Changanya pakiti kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Soda haitoshi.

Dawa ya loperamidi hupunguza mwendo wa utumbo na inaweza kumvusha mwenye IBS kwenye mkutano au safari, akiwa amekubaliana na daktari wake. Usiitumie ukiwa na damu kwenye choo, homa au tumbo lililovimba. Kwa mwenye kolaitisi iliyowaka ni hatari. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo maduka ya dawa hutoa kwa kila maumivu, zinaweza kuamsha uvimbe wa utumbo. Waambie wakupe parasetamoli. Na kama unatumia prednisoloni, usiikate ghafla kwa sababu umepata nafuu au dawa zimeisha mwisho wa mwezi. Inapunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari.

Ajali ikitokea kazini, fanya mambo kwa mpangilio: mfuko wako, choo, maji, nguo mpya, ya zamani kwenye kaveera mbili zilizofungwa. Mtumie mwenzako unayemwamini ujumbe: "Nimepata dharura, nitarudi baada ya dakika ishirini." Ukiweza kuendelea na kazi, endelea. Ukishindwa, nenda nyumbani bila kuomba radhi kwa jengo zima. Hujamkosea mtu.

Mwezi wa Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na hilo liko ndani ya Qurani yenyewe. Zungumza na daktari na shehe wako kabla mwezi haujaandama, hasa kama dawa zako ni za mara tatu kwa siku au unahara sana. Anayefunga ale daku nyepesi mapema na afuturu kidogo kidogo. Sambusa na chapati za futari zikimiminwa kwa pamoja juu ya tumbo tupu, kesho kazini utalipia.

Sheria na karatasi

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyekaa kazini angalau mwezi mmoja mfululizo haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kuugua, mradi amtaarifu mwajiri mapema inavyowezekana na atoe cheti cha daktari akitakiwa. Ugonjwa ukiendelea hadi miezi miwili kwisha, mwajiri anaruhusiwa kusitisha mkataba kwa kufuata masharti yake. Likizo ya mwaka ni siku saba kwa kila miezi minne ya kazi. Usiimalize kwenye siku za kuumwa bila kufikiri. Siku ya kuumwa yenye cheti ni hesabu nyingine. Sheria hiyo pia inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu au hali ya VVU, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri aweke vyoo vinavyofaa na vya kutosha.

Kama wanakuita kibarua mwaka hadi mwaka, fahamu kwamba Kanuni za Ajira za 2011 haziruhusu ukibarua kupita miezi minne. Baada ya hapo unastahili mkataba wa maandishi pamoja na haki wanazopata wafanyakazi wengine, zikiwemo za ugonjwa.

Kwa hiyo tunza kila kitu: vyeti vya daktari, risiti, barua ya ombi lako na jibu lake, ujumbe wa simu wa kutoa taarifa siku uliyougua. Ukifukuzwa na unaona si haki, malalamiko yanapelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Usikae nyumbani ukisubiri hasira ipoe mpaka muda upite. Mpelekee afisa huyo nakala, na zile halisi uziache nyumbani.